Chai Imekataa

Kuna watu ambao umewakasirikia miaka na miaka, na bado njaa ikikushika mlango wao ndio wa kwanza kuugonga. Kwangu mimi mtu huyo ni Bibi Jirani. Ukuta wa nyumba yake na ukuta wa nyumba yetu ni ukuta mmoja. Akikohoa, sisi huku tunasema pole. Baba akikoroma, yeye kule anagonga kwa mwiko. Mtaa wetu wote wa Buyenzi unamwita Bibi Jirani, hata watu wa njia za mbali ambao hawajawahi kukaa karibu naye, na sijawahi kusikia mtu akitaja jina lake. Niliwahi kumuuliza. Akasema, "Jina ni la watu wa kodi. We ni mutu wa kodi?"

Nieleze chai yake kwanza, kwa sababu chai hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mtu akiwa na jambo zito, iwe posa, iwe kupanga chumba, iwe biashara ya kushirikiana, alipelekwa kwa Bibi Jirani akanywe chai. Mgeni anakaa mkekani. Bibi anachukua birika, anaipandisha mpaka usawa wa sikio lake, na anamimina chai kavu, isiyo na maziwa, ndani ya gilasi iliyo chini kabisa, karibu na goti, bila kumwaga hata tone. Chai ikianguka kutoka juu namna hiyo inatoa povu, na povu linajikusanya katikati ya gilasi kama kofia ndogo. Halafu Bibi anaanza kumsalimia mgeni. Habari ya nyumbani, habari ya wazazi, habari ya kazi, habari ya njia, habari ya mvua. Akimaliza salamu na povu bado lipo, jambo limekubaliwa. Likiwa limepasuka lote, Bibi anaiangalia gilasi, anatikisa kichwa taratibu kama daktari, na anasema, "Chai imekataa."

Basi. Hakuna pa kulalamika. Mgeni anakunywa chai hiyo hiyo iliyomkataa, anapewa sambusa, anasindikizwa mpaka barabarani, anaambiwa karibu tena. Hakuna aliyemwambia kwamba ni maskini, au kwamba mama yake ana mdomo mrefu. Akifika kwao anasema chai imekataa, na watu wa kwao wanasema aa, kama ni chai, tufanyeje, na wanaanza kumtafutia mahali pengine.

Na watu wazima waliamini! Hiyo ndiyo iliyokuwa inanichoma. Baba yangu anauza vipuri vya magari kule Asiatique, kwenye mtaa wa maduka. Ukimletea plagi feki anaijua kwa kuinusa. Mtu huyo huyo, mbele ya gilasi ya chai, alikuwa anakaa na mikono magotini kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Nilikuwa nikimwangalia namna hiyo nataka kupiga kelele. Nikipiga kelele naambiwa toka nje. Kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu yangu kuhusu chai niliipatia dirishani.

Lakini Bibi Jirani si chai tu, na ningependa angekuwa chai tu, kumchukia kungekuwa rahisi.

Hataki feni. Anasema upepo wa mashine unavuruga akili. Mnajua joto la mji huu kabla ya mvua kushuka, lile joto ambalo hata kuku wanatembea mdomo wazi. Siku hizo anakaa mlangoni na leso yenye maji shingoni na redio mapajani. Redio yenyewe anaiweka katikati ya stesheni mbili, Kirundi kinatoka upande huu, Kifaransa upande ule, na katikati kuna kitu kama samaki wanakaangwa. Nikimwambia, "Bibi, ngoja nikuwekee vizuri," anasema, "Acha hapo hapo. Nikisikia mumoja tu, atanidanganya."

Hajawahi kukosa swala. Lakini kwenye ludo ni mwizi, na ni mwizi asiye na haya.

"Bibi, hiyo dado imeonyesha tatu."

"We umeona tatu. Mi nimeona sita."

"Ni tatu, angalia!"

"Macho ya nani iko na umri hapa? Macho ambayo imeona dunia, ama macho ya juzi?"

Na anasogeza kete yake hatua sita, tena kwa utulivu, huku anavuta tasbihi kwa mkono mwingine. Nimelia kwa sababu ya ludo hiyo, na nilikuwa mkubwa.

Majani ya chai anayanunua mwenyewe Asiatique, duka lile lile siku zote. Nimempeleka mara nyingi, na kila mara ni mchezo ule ule. Anaingiza pua kwenye gunia, anafumba macho, anainua kichwa. "Hii ni chakula ya mbuzi," anamwambia mwenye duka mbele ya wateja wote. "Basi usinunue, Bibi," anasema mwenye duka, ambaye kwa kweli ameshaanza kupima. "Nisiponunua, mbuzi yako itanenepa bure." Anabeba majani yake, tunarudi, na njia nzima ananiambia yule mwenye duka ndiye mtu mwaminifu pekee aliyebaki mjini.

Mimi ananiita Kisirani. Jina hilo nimelipata kwa haki, kwa sababu tangu nikiwa mdogo nilikuwa namwigiza. Nafunga leso kichwani, nainua birika tupu mpaka sikioni, namsalimia jogoo wetu: habari ya manyoya, habari ya mke wa kwanza, habari ya mke wa pili, loo, chai imekataa, kwenda kwa sufuria. Watu wanaanguka. Yeye hacheki mbele yangu. Anageuka kuangalia ukuta, na unaona mabega yake yanapanda na kushuka. Akigeuka tena uso ni wa msibani. "Umemaliza?" anauliza. "Sasa kuja, chukua sambusa yako, uende."

Ana maneno yake anayoyarudia mpaka unataka kuyafungia kabatini. "Neno likitoka halina mlango wa kurudia." Hilo nimelisikia kuliko adhana. Lingine ni, "Uso wa mutu si ubao, usiandike." Maana yake, usimwambie mtu jambo ambalo atatembea nalo usoni siku zote. Nilikuwa namjibu kwamba shuleni tunaandikwa usoni kila Jumatatu mbele ya bendera, na bado tunaishi.

Sasa niseme habari ya Dada, maana bila Dada chai ya Bibi Jirani ingebaki kuwa kichekesho changu cha jogoo.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijajua kufunga viatu, na tangu hapo nyumba yetu ni Dada. Anafanya kazi kwenye famasi, anarudi, anapika, anahesabu nani amekula, anamtafutia Baba dawa zake za presha, ananitafutia mimi sketi ya shule ambayo nimeitupa mwenyewe chini ya kitanda. Mwanamume wa kwanza aliyemposa alikuwa anauza vitambaa Asiatique. Alikuja na manukato ambayo yalibaki ukutani mpaka wiki iliyofuata. Chai ikakataa. Nilikuwa bado mdogo, nikamsikitikia kwa muda wa sambusa moja.

Wa pili alikuwa dereva wa wakubwa huko Kiriri. Siku hizo mafuta yalikuwa bado yanapatikana, akaja na gari lililooshwa mpaka nzi wanateleza. Huyu Dada alimpenda. Nilijua kwa sababu wiki hiyo aliniimbia nikiwa naosha vyombo, na Dada haimbi. Bibi akamimina, akaanza salamu. Alimuuliza habari ya nyumbani, ya wazazi, ya kazi, ya njia, ya mvua, halafu akaongeza habari ya wakubwa wake na habari ya watoto wa wakubwa wake. Nilikuwa dirishani naangalia gilasi. Povu lilikuwa limeanza kutoboka kwenye wazazi. Kwenye mvua lilibaki la pembeni peke yake. Kwenye watoto wa wakubwa, hakuna kitu.

"Chai imekataa."

Dada aliingia ndani akachukua pasi, akapiga pasi nguo zote za nyumba, zilizofuliwa na zisizofuliwa. Akapiga pasi mataulo. Akapiga pasi matambara ya jikoni. Mimi nikasimama mlangoni natafuta mzaha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu nyumbani, na sikupata hata mmoja.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojua. Nilikuwa naosha vyombo kwa maji ya moto, sabuni ile ile ya kila siku, na povu linakufa. Nikaongeza sabuni, linakufa. Nikamwaga, nikaweka maji ya baridi, povu likakaa juu ya sufuria linaniangalia, halina haraka. Kesho yake nikamuuliza Prof, mwalimu wetu wa kemia. Alifurahi sana, maskini, kwa sababu mimi siulizi maswali ya kweli. Alichora ubaoni. Akasema povu ni ngozi nyembamba ya maji imefunga hewa ndani. Maji hayo hayatulii, yanateremka kutoka juu kwenda chini ya ngozi. Yakiwa ya baridi ni mazito, yanateremka polepole, ngozi inadumu. Yakiwa ya moto yanakuwa mepesi, yanakimbia kushuka, tena na mvuke unayaiba kwa juu. Ngozi inakonda, inakonda, paa.

"Una swali lingine?"

"Ndiyo, Prof. Na kama ni chai ya posa?"

Darasa likacheka mpaka la jirani likanyamaza kusikiliza. Prof akanitoa nje. Nilisimama kwenye korido na hasira yangu, peke yangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nimetania.

Nyumbani nikajaribu. Gilasi mbili, birika moja. Ya kwanza nikaimimina ikiwa inachemka, kutoka sikioni kama Bibi, nikajiunguza mguu. Povu halikumaliza hata habari ya wazazi. Ya pili nikaiacha ipoe mpaka unaweza kuikamata kwa kiganja, nikamimina. Nikalisalimia povu lile ukoo mzima, nikaliuliza habari ya bei ya sukari, likabaki pale pale.

Basi nikaanza kumchunguza Bibi Jirani. Na nikaona, jamani, yote yalikuwa mbele ya macho yetu! Kuna wageni waliomiminiwa birika imetoka kwenye makaa sasa hivi, kifuniko bado kinacheza. Kuna wageni ambao birika yao ilikuwa imekaa dirishani tangu adhuhuri. Na salamu! Mmoja anaulizwa mpaka habari ya mbuzi, mwingine, "Habari? Nzuri? Alhamdulillahi," kwisha. Povu lingekufaje hapo?

Kuna siku alikuja mwanafunzi mmoja kupanga chumba cha uani kwa mama wa kona. Nikaingia jikoni kwa Bibi, nikaitumbukiza birika kwenye beseni la maji ili ipoe. Bibi akaja, akaigusa kwa kidole kimoja, akairudisha kwenye makaa. Alinivuta sikio mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu, akaniachia, akasubiri ichemke. Mwanafunzi akakosa chumba.

Nikamwambia Baba. "Baba, si chai. Ni joto. Ikiwa ya moto inapasuka, ikiwa vuguvugu inakaa. Bibi anaipanga."

Nilitegemea ashangae. Aliweka kijiko chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Prof alituchorea."

"Shuleni mnasoma kudharau wazee, si ndiyo? Sitaki kusikia habari hiyo tena hapa ndani. Umesikia?" Na Baba hapigi kelele. Baba akiuziwa samaki wa mukeke aliyeoza anasema asante. Siku hiyo alisukuma sahani yake akatoka nje, chakula hakijaisha.

Nikamwambia Dada. Alikuwa anachambua maharage. "Usilete masomo yako jikoni," akasema, bila kuinua uso.

Sasa niambieni, mimi nifanye nini? Nina ukweli mkononi, nimeupima, nimeungua mguu kwa ajili yake, na hakuna mtu anayeutaka. Nikitania wananisikiliza wote. Nikisema kweli naambiwa niende nikachote maji.

Halafu akaja wa tatu. Ni fundi wa sola. Alifunga paneli juu ya famasi ya Dada, na inaonekana paneli zile zilihitaji kukaguliwa mara nyingi sana, hata siku zenye jua la kutosha. Anakaa Gihosha. Mara ya kwanza alipokuja kusalimia alikuja kwa miguu, maana mafuta hakuna, kutoka mlimani mpaka kwetu, shati limelowa kama amevuka ziwa. Hakuwa na manukato. Aliangalia betri ya redio ya Bibi Jirani bila kuombwa, akasema, "Bibi, hii stesheni umeiweka vibaya." Nikajua amekwisha. Bibi akamjibu, "Iko vizuri. We kaa." Akampa maji. Dada alikuwa anaimba tena.

Chai ikapangwa Ijumaa baada ya swala. Siku chache kabla, mchana wa joto lile la kuku, nikaenda kwa Bibi. Niliamua kusema yote, nivutwe masikio yote mawili.

Nilimkuta jikoni amesimama na birika. Alikuwa anajaribu kuipandisha mpaka sikioni na mkono unakataa. Ilifika begani, ikatetemeka, chai ikaanguka mkekani. Sikuwahi kumwona akimwaga. Nikachukua tambara nikapangusa, na hasira yangu ikaanza kunitoroka, nikaikamata.

"Bibi, chai yako ni mchezo."

"Mchezo ya nani?"

"Yako. Ya moto inakataa, ya vuguvugu inakubali. Hata Prof anajua."

"Prof yako iko na binti wa kuozesha?"

"Sijui."

"Basi mwache na povu yake." Akakaa kwenye kigoda, akakanda kiwiko. "We Kisirani, nani amekuambia chai ni yangu? Mi nachemsha tu. Baba yako ndiye anakuja asubuhi. Anasimama hapo mlangoni, hata kukaa hakai. 'Bibi, leo ichemke sana.' Halafu anaenda kazini."

"Baba yupi?"

"Uko na ngapi? Yule wa vitambaa, alisema ichemke. Yule wa Kiriri, alisema ichemke mpaka kifuniko iimbe."

Nilikaa chini, pale pale kwenye mkeka wenye chai.

"Na watu wengine? Mama wa kona na yule mwanafunzi?"

"Wote." Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga. "Kila mutu anakuja asubuhi. Kila mutu anafikiri ni yeye peke yake. Chai yake ameipanga, anajua. Lakini chai ya mwenzake, wallahi, anaiogopa mpaka anatoka jasho."

"Na kama wanakuja wawili? Mmoja anataka ichemke, mwingine anataka ipoe?"

"Hapo namimina katikati, nasalimia katikati, namwachia Mungu."

Ungekuwa mzaha mkubwa kuliko yote niliyowahi kutunga. Mtaa mzima unadanganyana kwa gilasi moja, na kila nyumba inaamini uongo wa nyumba ya pili. Lakini nilikuwa namwona Dada anapiga pasi mataulo.

"Kwa nini unakubali, Bibi?"

"Hawawezi kusema. Baba yako tangu mutoto hajui kusema apana. Mutu akikataliwa na mutu, wanaangaliana vibaya mpaka kaburi. Akikataliwa na chai, kesho wanapeana mkono. Mi niliona ni kitu ndogo. Maji, moto, basi."

"Na Dada? Yeye anapeana mkono na nani?"

Redio ilikuwa inakaanga samaki wake. "Ya dada yako ndiyo imenichosha," akasema. "Hata leo asubuhi amekuja."

"Amesema nini?"

"We unafikiri amesema nini?"

Nilimwomba aipoze. Nilimwomba kwa jina la Mtume, kwa jina la sambusa, kwa kila kitu. Alisema yeye hawezi kumdanganya mtu aliyemwamini, jambo ambalo kwa mwizi wa ludo lilinipandisha kichaa. Nikatoka nimefunga mlango kwa nguvu. Nikarudi kuufungua, maana ndani mlikuwa na joto, nikaondoka tena.

Ijumaa ikafika. Fundi alikuja na mjomba wake, mzee mwembamba aliyekuwa anapumua kwa taabu baada ya kuteremka mlima mzima. Safari hii Bibi alikuwa ameomba tukutane kwetu, akasema kwake kuna joto, kama vile kwetu ni Ulaya. Wanaume wakakaa mkekani. Dada alikuwa nyuma ya pazia. Mimi sikwenda dirishani. Nilikaa kwenye kizingiti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyenifukuza.

Bibi Jirani akaingia na sinia. Sambusa zilikuwepo, gilasi zilikuwepo. Birika haikuwepo. Akaweka sinia chini, akakaa.

Baba akaangalia sinia, akaangalia mlango. "Bibi, chai?"

"Hakuna."

"Makaa imeisha?"

"Makaa iko."

"Majani?"

"Iko."

"Sasa?"

"Mkono ndiyo hakuna," Bibi akasema. "Leo sema mwenyewe."

Mjomba wa fundi alitukodolea macho mmoja mmoja, akitafuta nani amekosea. Jasho lilikuwa linateremka kwenye shingo ya Baba. "Mi naona," akasema, "labda tutafute siku nyingine... siku ambayo chai..."

Pazia likafunguka. Dada alitoka akasimama katikati ya chumba na mikono mitupu. "Baba. Sema."

"Apana," Baba akasema.

Lilitoka dogo, kama kikohozi. Alionekana ameshangaa kulisikia. Akalirudia kwa sauti zaidi, "Apana. Nimesema."

"Kwa nini?"

Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa kwenye kizingiti, kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiuliza chai kwa nini. Ungeiulizaje? Baba alimtazama Bibi amsaidie. Bibi alikuwa anachagua sambusa.

"Gihosha ni mbali," Baba akasema.

"Mbali? Baba, ukipanda juu ya bati unaiona!"

"Ni mlima."

"Kumbe chai ni we! Yule wa Asiatique alikuwa na mlima gani? Wa Kiriri alikuja na gari, mlima ulimfanya nini?" Sauti ya Dada ilikuwa inapanda. "Umenikalisha hapa, Baba. Mi nilifikiri ni bahati yangu. Nilikuwa nasema Mungu hataki niolewe."

"Nani atajua dawa zangu?" Baba akapasuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukienda, nani? Mama yako amekwenda, na we uende, mi nibaki na nani ndani ya nyumba hii?"

"Na huyu je?" Dada akaninyooshea kidole.

Baba akageuka kuniangalia. Hakuwa na ubaya, ndiyo maana iliuma. "Huyu?" akasema. "Huyu ni wa kucheka tu."

Nilikuwa na jibu la kuwachekesha wote, mpaka mjomba. Lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza.

"Dawa ya rangi ya waridi ni asubuhi kabla hujala," nikasema. "Nyeupe ni jioni ukishakula. Nyeupe huimezi, Baba. Unaitia ndani ya kiatu chako cha Idi, kwa sababu ni chungu. Mimi nazitoa, nazisaga, nakuwekea kwenye uji. Unafikiri uji ulikuwa mbaya kwa sababu napika mimi?"

Mjomba wa fundi alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Fundi akauma mdomo. Bibi Jirani alikuwa amegeukia ukuta na mabega yanapanda na kushuka. Baba alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeletewa kipuri asichojua ni cha gari gani.

Akapangusa uso kwa kiganja. Halafu akamgeukia fundi. Katika posa zote tatu, hili lilikuwa swali la kwanza kumsikia akimuuliza mwanamume.

"Huko kwenu Gihosha, maji yanatoka?"

"Yanatoka usiku, Mzee," fundi akasema. "Siku nyingine hayatoki kabisa."

"Basi utanunua tangi," Baba akasema kwa hasira. "Binti yangu hawezi kuamka usiku kuchota maji."

Dada alikaa chini palepale aliposimama.

Mjomba akaangalia gilasi tupu, akamwuliza Bibi Jirani kwa adabu kama sasa basi chai inaweza kuja. Bibi alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake mlangoni kwa vidole vya miguu.

"Nyumba hii iko na jiko," akasema. "Wachemshe wenyewe." Akanipita kwenye kizingiti, akaenda kwake.